Namba ya injini

Namba ya injini huchanganywa mno na namba ya chesisi, na wanaoumia ni wanunuzi wa magari yaliyotumika. Namba ya chesisi ni ya gari lenyewe. Injini ikibadilishwa, namba yake huondoka nayo. Kwa hiyo kadi ya gari huonyesha zote mbili. Ya injini hugongwa kwenye bloku, mara nyingi kwenye kibapa kidogo karibu na giaboksi, na aghalabu imezibwa na oili iliyoshikana na vumbi. Injini ikishapoa, hapo hufutwa kwa kitambaa na kumulikwa tochi kutoka ubavuni, tarakimu zikajitokeza kwa vivuli vyake. Katika Toyota, kwa mfano, 1NZ inayotangulia ni aina tu ya injini. Namba yenyewe ni tarakimu zinazofuata. Namba ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, gari hilo lisinunuliwe.