Dirisha lilifika Gusii, majina ya viungo vyake yakabaki Pwani

NENO ‘dirisha’ ni msafiri mkongwe. Asili yake ni Kiajemi, ambamo neno lililolizaa lilimaanisha mlango mdogo. Lilifika Pwani ya Afrika Mashariki pamoja na watu na bidhaa za Bahari ya Hindi, likakita mizizi, kisha likapanda bara. Waganda huliita ‘eddirisa’, Wakikuyu ‘ndirica’. Nasi Abagusii wa Kisii na Nyamira tulilipokea, tukalitamka kwa lafudhi yetu.

Hata hivyo, tulipokea jina la kitu kizima tu. Majina ya viungo vyake tuliyaacha Pwani. Katika makala haya ninajenga hoja kwamba kuachwa huko kuna gharama, na gharama yenyewe huonekana siku ambayo dirisha linaoza.

Tuanze na historia. Nyumba ya jadi ya Mgusii, ‘enyomba’, ilikuwa msonge wa fito na udongo, paa lake nyasi. Mwanga uliingia mlangoni. Nyumba ya pembe nne yenye madirisha ilienea baada ya Waingereza kuiteka nchi yetu mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kupitia misheni: Wakatoliki walipotua Nyabururu na Waadventista Nyanchwa, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Shule, kanisa na nyumba ya mwalimu ndizo zilizotufunza kutoboa ukuta ili mwanga uingie.

Pwani, jambo hilo lilikuwa la kale. Nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zilikuwa na utaratibu wake. Upande wa barabarani ukuta ulifungwa kwa ajili ya stara; mwanga na hewa vilitoka kiwandani, yaani uani. Fundi wa huko hakuwa na neno moja la tundu la ukutani. Alikuwa na dirisha, alikuwa na shubaka, na alikuwa na vidaka vya kuwekea vyombo. Baadaye roshani za mbao zikatamalaki katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ni ajabu ya lugha kwamba ‘shubaka’ linatokana na neno ambalo kwa Kiarabu ndilo dirisha lenyewe, na ‘roshani’ lina mzizi wa Kiajemi unaohusu mwangaza.

Mbao zinazoshikilia mlango au dirisha nazo zilikuwa na majina. Zile mbili zinazosimama wima kushoto na kulia ni miimo. Ule unaolala juu ni kizingiti cha juu, na wa chini ni kizingiti cha chini. Ubao wa wima wa katikati, pale vipande viwili vya kufungia vinapokutana, ni mfaa. Vibao vyembamba ni papi. Haya si maneno niliyoyabuni mimi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inayo, na kila aliyesoma simulizi ya Pasaka katika kitabu cha Kutoka, kwenye Biblia ya Kiswahili, amekutana na miimo na kizingiti. Waumini wa Kisii na Nyamira wanayasikia kanisani, lakini hawayatumii wanapozungumza na fundi.

Kwa nini majina haya yana uzito? Kwa sababu dirisha halichakai lote kwa mpigo. Aghalabu kizingiti cha chini huoza kwanza, maana ndipo maji ya mvua hutuama. Kisha huoza nchani mwa miimo, pale inapokutana na kizingiti hicho. Sehemu ya juu huweza kukaa miaka mingi ikiwa nzima. Fundi wa jadi alikata sehemu iliyooza, akaunga kipande kipya cha mti mgumu kama mvule au mbambakofi, akaziba pembeni kwa chokaa. Chokaa hupumua, unyevu ukiingia, hupata njia ya kutoka. Saruji huufungia unyevu ndani, na mbao iliyozungukwa kwa saruji kwenye ukuta wa matumbawe huoza upesi zaidi.

Sasa sikiliza mazungumzo ya kawaida ya leo, yawe Keroka au Kisii mjini. “Mzee, hii fremu imeisha. Tung’oe yote tuweke ingine ya chuma.” Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na simlaumu fundi. Ana neno moja tu, fremu. Fremu ikiharibika upande mmoja, lugha yake haina njia ya kusema ni upande gani, isipokuwa aoneshe kwa kidole. Fundi asiyeweza kutaja kiungo hawezi kukikadiria bei, na mwenye nyumba hawezi kukiagiza. Basi kinang’olewa kitu kizima, na gharama inapanda. Daktari ambaye angejua neno ‘mwili’ peke yake angetutibu vipi?

Chuma nacho si dawa ya milele. Milima ya Gusii hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na chuma kisichopakwa rangi ipasavyo hushika kutu. Pwani hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya chumvi iliyomo hewani. Kutu hufura, na inapofura ndani ya ukuta, ukuta hupasuka. Mbao za mkaratusi zinazotumika kwetu zina kasoro yake pia: zikikatwa mbichi na kupigwa misumari kabla ya kukauka, hujipinda.

Naona wasomaji wengine wakinuna: je, profesa anataka kufukuza neno ‘fremu’ kwa kuwa ni la Kiingereza? La hasha. ‘Dirisha’ lenyewe ni la kukopa, na hakuna lugha hai isiyokopa. Waingereza walilikopa neno lao la dirisha kutoka kwa watu wa Skandinavia, ambao waliliita jicho la upepo. Tatizo ni kwamba neno moja la mkopo limechukua kazi ya maneno manne au matano. Mkopo wa ‘dirisha’ ulitutajirisha. Mkopo wa ‘fremu’, jinsi tunavyoutumia, umetufilisi.

Inasikitisha kwamba ufukara huu sasa umeanza kushuka kutoka bara kwenda Pwani, ukifuata barabara ileile iliyolileta dirisha kwetu, ila kinyumenyume. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Kenya ina sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006. Sheria inaweza kumzuia mtu kung’oa dirisha la kale. Haiwezi kumpa fundi kijana neno la kumwelekeza mwenzake: “Mwimo huu mzima, tuubakishe, tubadilishe kizingiti.”

Kazi hiyo ni yetu walimu wa lugha. Vyuo vya kiufundi vya Kisii na Nyamira vinafunza useremala. Msamiati wa seremala wa Pwani unafaa kuwa sehemu ya somo, ukiandikwa kando ya mchoro. Idara za Kiswahili vyuoni nazo ziwatume wanafunzi Lamu na Mombasa wakarekodi majina haya vinywani mwa mafundi wazee wangali hai. Kamusi zimehifadhi baadhi yake, lakini kamusi haishiki msumeno.

Kwa sasa, msomaji, dirisha lako likianza kuoza, usikubali kusikia kwamba “fremu imeisha” ukanyamaza. Muulize fundi: ni mwimo upi, au ni kizingiti? Huenda ukaokoa neno, na huenda ukaokoa pesa zako pia.