Pascal Ilivyotolewa Ulingoni

Mei 1989, vijana kutoka nchi 13 walikutana Pravetz, mji mdogo wa Bulgaria uliojulikana kwa kuunda kompyuta zilizoiga Apple II. Ilikuwa Olimpiadi ya kwanza ya kimataifa ya informatiki. Enzi hizo lugha ya programu ya Pascal ilitamba. Niklaus Wirth, Mswisi, aliibuni kwa ajili ya kufundishia, na kwa kweli ilisomeka vizuri.

Lakini saa 5 za shindano hazina huruma. Lugha nyingine, C++, ilikuja na maktaba iliyosheheni: kupanga namba, foleni za kipaumbele, vyote tayari. Mshindani wa Pascal aliviandika mwenyewe, mstari kwa mstari, huku mwenzake akiita amri moja tu. Mbio gani hizo?

Mwaka 2019, kwenye Olimpiadi hiyo kule Baku, Pascal haikuruhusiwa tena.