Studio ya nyumbani ya mpiga gitaa

Chumba cha makazi kilichotengwa kurekodia muziki. Zamani bendi za Tanzania zilitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji wote wakirekodiwa kwa pamoja. Mwaka 1979 TEAC ya Japani ilitoa mashine ya kaseti yenye njia 4. Mwanamuziki Bruce Springsteen aliitumia chumbani kwake kurekodi albamu ya *Nebraska* (1982). Siku hizi kompyuta inatosha.

Huko Chake Chake, kisiwani Pemba, msingi wa kurekodi nyumbani ni umeme: waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kuuleta mwaka 2010, badala ya majenereta ya dizeli. Masika mvua hunguruma juu ya bati; maikrofoni huinasa, gitaa lililochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta haliinasi.