Homa ya Saa Mbili Usiku

Mei 2020, Nairobi. Kafyu inaanza saa moja jioni, na saa mbili usiku mjomba akaanza kutetemeka. Alikuwa na saratani ya damu, na siku kumi zilikuwa zimepita tangu apewe kemo. Mkewe akamtia kipimajoto kwapani: 38.6.

Jirani akawasha Probox yake. Langoni pa hospitali, mlinzi akampima paji la uso kwa kile kibunduki, akawaonyesha hema la washukiwa wa korona. "Ngojeni hapo, majibu yatoke kwanza."

Hilo neno, ngojeni, lina historia.

Mwaka 1845, John Hughes Bennett wa Edinburgh alichunguza maiti ambayo damu yake ilijaa chembe nyeupe, akadhani ni usaha. Mwaka huohuo Rudolf Virchow wa Berlin alikutana na damu kama hiyo, akakataa kwamba ni usaha. Mwaka 1847 akaupa ugonjwa jina la leukemia, yaani damu nyeupe kwa Kigiriki. Mwaka huohuo wa 1847, kule Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi wodini, na vifo vikapungua sana.

Virchow ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini maambukizi hayakuwa mbali na ugonjwa huu. Chembe zile nyeupe ni nyingi, ila hazijakomaa. Ni kama mji uliojaa askari wasiojua kushika rungu. Tena dawa yenyewe huongeza hatari. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alieleza jinsi aminopterini ilivyowapa nafuu ya muda watoto wenye leukemia. Tangu hapo dawa zimezidi kuwa kali, na dawa kali haichagui: inaua chembe mbovu, inaua na walinzi. Hapo bakteria wanaoishi tumboni mwetu bila neno hupenya hadi kwenye damu.

Mwaka 1966, Gerald Bodey na wenzake kule Bethesda, Marekani, walionyesha kwa hesabu kwamba kadiri chembe nyeupe zinavyopungua ndivyo maambukizi yanavyozidi. Shida ilikuwa ni kungoja. Maabara huchukua siku kadhaa kuotesha bakteria, na mgonjwa anaweza kufa kabla jina la bakteria halijaandikwa. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wa Baltimore walichapisha njia nyingine: homa ikipanda tu, mpe mgonjwa antibiotiki mbili, kabenisilini na jentamisini, papo hapo. Majibu yatamkuta dawa iko mwilini. Leo madaktari hulenga dozi ya kwanza ndani ya saa moja.

Kisha ikaja korona, na homa ikageuka kuwa dalili ya ugonjwa mmoja tu. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu, hema lile lilikuwa limemrudisha nyuma ya 1971. Hata hospitali tajiri ziliyumba. Marekani, taasisi ya CDC iliripoti kwamba maambukizi ya damu yanayopitia katheta za mishipa mikubwa, ambayo yalikuwa yakishuka kwa miaka, yalipanda tena mwaka 2020.

Ndani ya hema, mke wa mjomba hakugombana na mtu. Alirudia sentensi moja kwa kila aliyepita: "Huyu ana saratani ya damu, yuko kwa kemo." Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Muuguzi wa tatu akasimama. Akamtoa damu ya kupeleka maabara, akamtundikia dripu ya antibiotiki palepale, korona iwepo isiwepo.

Majibu ya korona yalitoka baada ya siku mbili: hana. Kufikia hapo homa ilikuwa imeshuka, na mjomba alikuwa anauliza chai.

Ile sentensi sasa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya kliniki, ukurasa wa kwanza. Ukiwa na mgonjwa kama huyo nyumbani, iandike hata wewe.