Karatasi yenye jina: kitabu cha maboyi wa Elisabethville na kaye yetu ya Iga Barrière



Kwenye mkutano wetu uliopita hapa Iga Barrière, komite ilileta wazo moja: tukusanye ushuhuda wa watu waliorudi, tuuandike kwenye kaye, kisha tutoe kitabu kidogo cha fotokopi ambacho kila familia inaweza kuweka nyumbani. Wengi walikubali. Lakini mama mmoja aliyekaa nyuma alisimama akasema: "Karatasi ndizo zilitukimbiza. Leo munataka sisi wenyewe tuandike ingine?"

Watu walinyamaza, na mkutano ulikwisha bila jibu. Yule mama alisema kweli, na hatukutaka kumjibu haraka. Tumeona afadhali tupitie kwanza historia ya karatasi ndogo katika nchi yetu, zile zilizoandikwa na watu wa chini bila kungoja ruhusa ya mkubwa.

Kitabu cha maboyi

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, kulitoka kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia. Mwandishi wake anaitwa André Yav. Aliandika kwa niaba ya chama cha wazee waliokuwa zamani wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu, yaani maboyi. Mtu aliweza kuwa na mvi na wajukuu, bado akaitwa boyi.

Jina la kitabu ni la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga. Anayefikiri atakuta orodha ya maneno atashangaa, kwa sababu ni historia ya mji: namna Wazungu walivyoingia Katanga, namna watu walivyokusanywa kwa ajili ya kazi ya kampuni, mishahara, majina ya utani ambayo wafanyakazi waliwapa mabwana zao, mpaka uhuru.

Fikirini mji huo ulikuwa wa namna gani. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910. Habari zake ziliandikwa na kampuni, na serikali ya Wabeljiji, na wamisioni. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi waligoma wakidai mshahara, na askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Baadaye, kuanzia Julai 1960 mpaka Januari 1963, Katanga ilijitenga na Kongo, na damu ilimwagika tena. Wale wazee waliandika miaka miwili tu baada ya hapo, katika mji ambamo majirani walikuwa bado wanaogopana. Sisi wa Ituri hatuhitaji kuelezwa hali hiyo.

Kwa nini maboyi? Tunafikiri ni kwa sababu ya mahali walipokaa. Mpishi alikuwa ndani ya nyumba. Alisikia mezani kile ambacho bwana hakusema ofisini. Alijua nani anakopa, nani anakunywa, nani anaogopa. Na jioni alirudi kwao cité, kati ya wenzake. Historia ya mji ilipita mbele yake kila siku pamoja na sahani, na hakuna aliyemwuliza kitu. Basi walijiuliza wenyewe, na wakajijibu wenyewe.

Kitabu hicho hakikufuata sheria za shule. Maneno mengine yameunganishwa, mengine yamekatwa katikati, hata msomaji wa Kiswahili anakwama. Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, anaeleza kwamba maana ilifunguka pale Kalundi Mango, mtu wa lugha ile, alipokisoma kwa sauti. Kwenye karatasi kilionekana kimejaa makosa. Mdomoni kikawa mazungumzo ya wazee. Mwaka 1990 kilichapishwa Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na siku ya leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Kwa hiyo yule anayesema "mimi sijui kuandika vizuri" asirudi nyuma. Aandike kama anavyosema. Sisi tutasoma kwa sauti.

Karatasi zilizopita kwa siri

Neno barrière tunalijua wote: mti unawekwa njiani, na kuko mtu anayeamua nani apite. Karatasi nazo zilikuwa na barrière zao.

Wakati wa Wabeljiji, vitabu vya Watch Tower vilivuka mpaka kutoka Rhodesia pamoja na wafanyakazi wa migodi, na mafundisho yakageuka huku kwetu kuwa Kitawala. Serikali iliyapiga marufuku kwa sababu watu walisikia ndani yake kwamba utawala wa Mzungu una mwisho. Wafuasi walikamatwa, wakapelekwa kwa nguvu mbali na kwao. Walipofika kule, mafundisho yakafika pamoja nao. Serikali yenyewe iliwalipia safari.

Wakati wa Mobutu, chama kilikuwa kimoja na gazeti lilisema kile chama kilitaka. Mwaka 1980 wabunge 13, kati yao Étienne Tshisekedi na Ngalula Mpandanjila, walimwandikia rais barua ya kurasa 52. Walieleza namna nchi inavyoharibika, na wakatia sahihi. Walikamatwa. Lakini barua ilikuwa imekwisha kutoka, ikapita mkono kwa mkono kwa fotokopi. Tarehe 15 Februari 1982 chama cha UDPS kikazaliwa kutoka kundi hilo.

Tusifanye siasa hapa. Chama chetu si cha siasa. Tunachotaka muone ni jambo moja. Karatasi ya Yav ilikuwa na jina. Barua ya wale 13 ilikuwa na majina. Msomaji aliweza kuuliza: nani amesema hivi? Na kulikuwa na mtu wa kujibu, hata kama jibu lilimpeleka gerezani.

Karatasi isiyo na jina

Ituri tunaijua karatasi ya namna ingine. Inawekwa usiku. Asubuhi watu wanaikuta njiani au mlangoni. Haina jina, haina tarehe, haisemi iliandikwa wapi. Inasema "wao" bila kusema ni nani na wamefanya nini. Tract ya namna hiyo mara nyingi inajiita historia: inaanza na mababu, nani alifika kwanza, nani alichukua kilima cha nani, na inamalizia kwa kumwambia jirani aondoke. Vita vya 1999 mpaka 2003 vilikuwa na maneno ya namna hiyo. Tangu Desemba 2017, moto uliporudi Djugu, maneno hayo yalirudi pia. Kila mmoja wetu anajua alibeba nini siku aliyokimbia, na wengi wanajua ni maneno gani yalitangulia.

Kwa hiyo, mama, ulisema kweli. Kuna karatasi zinazofukuza watu. Kosa letu kwenye mkutano lilikuwa kusema "tuandike" bila kueleza tutaandika namna gani.

Lakini kuko shida ya pili, na hatuwezi kuificha. Jina linaweza kumletea mtu hatari. Kati yetu kuko wababa na wamama walioona mambo ambayo wakiyatia sahihi peke yao hawatalala vizuri. Hapo tunarudi kwa wale wazee wa Elisabethville. Waliandika kama chama. Mtu mmoja alishika kalamu, jina lake liko, lakini nyuma yake kulikuwa na wenzake. Kumtisha mtu mmoja ni rahisi. Chama kizima ni kazi ingine.

Mambo ambayo hayajaandikwa hapa kwetu

Mkisikia historia ya Ituri, mara nyingi mnasikia mambo mawili: dhahabu na vita. Dhahabu ilionekana karibu na Kilo mwaka 1903, na uchimbaji ulianza mwaka 1905. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926. Ripoti za zamani zinahesabu kilo za dhahabu. Nani anaandika habari za vijana ambao machifu walilazimishwa kuwatoa kwa ajili ya kazi? Za wapagazi? Za wamama waliolima chakula kilicholisha migodi? Babu zetu walitoka pande zote za Djugu, lugha mbalimbali, na wengi wao walikutana kwenye kazi ileile na njaa ileile. Hiyo nayo ni historia, na haisemi nani aondoke.

Na sisi wa mashirika tuna sehemu yetu ya kosa. Tunakuja na fishi zetu, tunaandika: familia ngapi, watoto wangapi, hema ngapi, jembe ngapi. Hesabu hizo zinahitajika, bila hizo msaada haufiki. Lakini mtu aliyetembea siku tatu na mama yake mgongoni anakuwa alama moja kwenye mstari, na fishi inaondoka. Haibaki nakala kijijini. Tumefanya hivyo miaka mingi. Tunaomba kaye hii iende kwa njia ingine: ianze hapa, ibaki hapa.

Namna tunavyopendekeza

Komite na sisi wa kazi ya shambani tumekaa pamoja, na tunaleta haya mkutanoni ili mkubali au mkatae:

Kila ushuhuda uwe na tarehe na mahali. Anayesimulia atofautishe "niliona" na "nilisikia", na karani aandike hivyo hivyo.

Kitabu kitiwe sahihi na chama. Majina ya mashahidi yawe kwenye kaye ya pili, ambayo komite itaiweka mahali pa usalama. Anayetaka jina lake lionekane, litaonekana.

Kabla ya fotokopi, kila ukurasa usomwe kwa sauti mbele ya wasikilizaji kutoka jamii zote zinazokaa hapa. Msikilizaji akisema "hapa munamaanisha sisi", tunasimama, tunazungumza. Hatutafuta ukweli ili kumfurahisha mtu, lakini neno "wao" bila jina na bila tendo halitapita.

Tuandike pia kazi, soko, ndoa, shule, na yule jirani aliyemficha mwingine. Visa vya namna hii viko, tunavisikia kila wiki chini ya miti, na havijapata karatasi.

Kwa wafadhili tuna ombi moja. Mkitaka kusaidia, saidieni rimu za karatasi, fotokopi za Bunia na nauli ya moto. Msituombe kupunguza au kuongeza maneno ili kitabu kilingane na mradi. Tutawatumia nakala, kama tunavyowapa familia.

Kaye ya kwanza iko kwa katibu. Jumapili baada ya ibada zote anakaa kwenye biro ya chama, na vijana wawili wa shule wanasaidia wale wasioandika. Yule mama aliyeuliza swali, tumemwomba awe wa kwanza kwenye kundi la wasikilizaji. Amesema atafikiri. Tunamngoja, na hatutapiga fotokopi hata moja kabla hajatupa jibu.