Kupachika Ramani

Chukua ramani ya Kifaransa ya pwani yetu iliyochorwa katikati ya karne ya 19, iskani, kisha iache kompyuta isome longitudo kama zilivyoandikwa pembeni. Malindi itaondoka ufuoni na kutua bara, kilomita 260 hivi upande wa magharibi, jirani na Taveta chini ya Kilimanjaro. Mchoraji hakukosea. Wafaransa wa zama hizo walianza kuhesabu longitudo Paris, Waingereza wakaanzia Greenwich, na kati ya mistari hiyo miwili kuna digrii 2 na dakika 20. Kompyuta hailijui hilo mpaka iambiwe.

Kazi ya kuiambia Waingereza huiita georeferencing. Tafsiri inayokuja haraka ni “urejeleo wa kijiografia”. Si kosa, ila haionyeshi mtu akifanya kazi. Mtunza nyaraka akiulizwa leo kafanya nini, atajibu kwamba “amerejelea kijiografia” ramani tatu? Mimi nachagua kupachika. Nimepachika ramani tatu. Hii imepachikwa, ile bado. Na iliyokaa vibaya inapachuliwa na kuanzwa upya. Watangazaji wa mpira wameshalizoea neno hilo kwa mabao, na halijachakaa. Anayepachika mpini kwenye jembe hugonga, hutazama, huchonga kidogo, hugonga tena, na kazi ya ramani huenda hivyo hivyo.

Ramani iliyoskaniwa ni picha tu, safu za vitone vya rangi. Kuipachika ni kuvifunga baadhi ya vitone hivyo na majira ya nukta, yaani latitudo na longitudo za mahali penyewe, ili programu ivipangie vingine vyote nafasi zake. (Majira, kwa bahati njema, ni neno lililokuwa chomboni kabla ya kuingia darasani: mabaharia wetu walishika majira, yaani mwelekeo wa safari.) Unatafuta mahali panapoonekana kwenye ramani ya zamani na pia kwenye picha ya setilaiti ya leo, unabofya huku, unabofya kule. Alama tatu zinatosha kwa hesabu nyepesi. Karatasi iliyokunjamana au kupanuka kwa unyevu wa pwani huhitaji nyingi zaidi, zilizotawanywa mpaka kwenye pembe.

Ni mahali gani basi pa kuaminiwa? Anayeanza hukimbilia ukingo wa bahari, kwa kuwa ndio mstari unaoonekana wazi kuliko yote. Kati ya Malindi na Mambrui huo ndio mstari wa kuogopwa. Mto Sabaki humwaga tope na mchanga kila msimu wa mvua, mlango wake huhama, na ufuo wa Malindi umejaa ukapanuka kuelekea baharini. Mikoko ya Mida nayo haikai palepale. Vilivyokaa ni vya mawe: makaburi ya mnara kando ya Msikiti wa Juma mjini Malindi, magofu ya Mnarani juu ya hori la Kilifi, kuta za Gede. Nguzo ya Vasco da Gama rasini ni alama nzuri kwa ramani za karne ya 20, lakini kwa michoro ya Wareno mtu aitumie kwa hadhari, maana husimuliwa kwamba mara ya kwanza ilisimamishwa mjini kabla ya kuhamishiwa ilipo.

Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zina mtego mwingine. Zimechapwa mistari ya majira, kwa hiyo huonekana rahisi: andika tarakimu, umemaliza. Lakini tarakimu hizo hutegemea msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960, na simu yako hutumia WGS 84. Ukizichanganya, kila kitu kinasogea karibu mita 300. Mji wa Gede, alioufukua James Kirkman kuanzia 1948 na ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, una ekari kama 45 tu ndani ya ukuta wake wa nje. Mita 300 zinatosha kuitoa sehemu kubwa ya mji nje ya ukuta wake wenyewe.

Programu ninayoizungumzia ni QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman wa Alaska. Ni programu huria. Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulisaidia kulieneza neno hilo, na Ramani Huria ya Dar es Salaam ikalibeba mpaka mitaani. Huria si bure, ingawa QGIS hailipiwi. Maana yake ni kwamba yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kuigawa. Kwa maktaba, faida kubwa naiona kwenye jambo dogo: alama ulizoweka huhifadhiwa katika faili la maandishi ya kawaida. Mwenzako wa miaka 20 ijayo atalifungua, aone ulibofya wapi, na akupinge.

Apinge nini? Masalio. Kila alama programu huionyeshea umbali kati ya ulipoiweka na hesabu ilipoipeleka. Ipo njia moja ya hesabu inayolazimisha kila alama ikae barabara, masalio yakawa sifuri, na sifuri hiyo haithibitishi lolote kuhusu nafasi iliyobaki kati ya alama.

Kilifi umbali huo wa masalio si mchezo. Tangu sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, ambayo chini yake ardhi isiyodaiwa kwa wakati ilihesabiwa ya Taji na Wamijikenda wengi wakageuzwa maskwota, ramani ya zamani pwani husomwa kama ushahidi. Ndiyo maana alama hizi siziiti bikoni, ingawa neno hilo lingeeleweka na kila mwenye shamba kutoka Takaungu hadi Ngomeni. Bikoni huwekwa na mpima ardhi mwenye leseni, na kuing’oa ni kosa la jinai. Za maktaba ni alama za kupachikia tu. Kwenye katalogi ziandikwe ni ngapi, msingi gani wa upimaji ulitumika, na masalio ni mita ngapi, palepale chini ya jina la ramani.