Askofu aliyeukana moto wa milele, na Mzulu aliyemuuliza maswali

Tarehe 16 Desemba ni sikukuu ya taifa Afrika Kusini, Siku ya Maridhiano. Tarehe kama hiyo mwaka 1863, miaka mingi kabla sikukuu hiyo haijawekwa, Askofu Robert Gray wa Cape Town, mkuu wa maaskofu wa Kianglikana kusini mwa Afrika, alisoma hukumu ya kumvua uaskofu mwenzake wa Natal, John William Colenso. Mashtaka yalikuwa tisa. Mojawapo lilikuwa kwamba Colenso alikana kuwa adhabu ya waovu huko jehanamu haina mwisho.

Kesi hii inafaa kusimuliwa upya kwa sababu mahubiri ya moto yameshamiri kwetu. Yako redioni, yako kwenye vipaza sauti vya vituo vya mabasi, na mara nyingine yako msibani, mhubiri akiwaambia wafiwa wazi kwamba marehemu hakuokoka na kwa hiyo wasijidanganye. Anayethubutu kuuliza ni haki gani hiyo huambiwa amelishwa fikra za Wazungu wa siku hizi. Jibu hilo si la kweli kihistoria. Moja ya mabishano makubwa zaidi ya Kanisa la Kianglikana juu ya Biblia na moto wa milele lilichochewa na maswali yaliyoulizwa kwa Kizulu.

Hoja yenyewe ni kongwe. Origen wa Aleksandria, katika karne ya tatu, alitumaini kwamba mwishowe Mungu atavirejesha viumbe vyote kwake, na mwaka 553 mafundisho yaliyohusishwa na jina lake yalilaaniwa Konstantinopoli. Kabla ya hapo Agostino wa Hippo, naye mtu wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa ameshapanga hoja za dhambi ya asili na moto usiozimika ambazo makanisa ya Magharibi yaliziishi karne nyingi. Uingereza, mwaka 1853, mwanateolojia F. D. Maurice alipoteza kazi ya kufundisha King's College, London, kwa kutilia shaka umilele wa adhabu. Mwaka huo huo rafiki yake Colenso, aliyekuwa amemtabarukia kitabu cha mahubiri, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Natal.

Colenso alizaliwa Cornwall mwaka 1814. Alikuwa mwanahisabati, na vitabu vyake vya hesabu vilisomwa katika shule nyingi za Uingereza. Mwaka 1854 aliizunguka Natal kwa majuma kumi, akarudi mwaka uliofuata pamoja na familia yake na kujenga misheni karibu na Pietermaritzburg. Aliiita Ekukhanyeni, mahali penye nuru. Wazulu walimpa jina Sobantu, baba wa watu. Aliandika sarufi na kamusi ya Kizulu, na akakubali kwamba majina ambayo Wazulu walikuwa nayo tayari, uNkulunkulu na uMvelinqangi, yalifaa kumtaja Mungu wa Biblia. Alikataa pia kumlazimisha mume wa wake wengi awafukuze wake zake ndipo abatizwe, maana aliona huo ni ukatili kwa wanawake na watoto wasio na kosa.

Hapo ndipo anapoingia William Ngidi. Mwanahistoria Jeff Guy, aliyeandika maisha ya Colenso katika kitabu The Heretic cha mwaka 1983, anampa Ngidi nafasi kubwa, nami namfuata bila kusita. Ngidi alikuwa mwalimu na msaidizi wa askofu katika kutafsiri. Walikaa mezani wawili hao, mstari kwa mstari, na Ngidi hakuwa mtu wa kuandika tu anachoambiwa. Walipofika kwenye gharika alimuuliza Colenso kama kweli anaamini kwamba wanyama wa nchi za joto na za baridi walikuja wawili wawili hadi safinani, na kama Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wanyama wala nyama. Walipofika kwenye sheria ya kitabu cha Kutoka inayomwacha bila adhabu bwana aliyempiga mtumwa wake, iwapo mtumwa huyo amekawia siku moja au mbili kabla ya kufa, kwa kuwa ni mali yake, Ngidi alichukizwa kabisa. Hakuweza kukubali kwamba Mungu mwenye rehema aliyehubiriwa kwake ndiye aliyeyasema maneno hayo. Colenso aliandika baadaye kwamba hatasahau namna mtu yule alivyochukizwa.

Mwaka 1861 Colenso alitoa maelezo yake ya Waraka kwa Warumi, yaliyochapwa Ekukhanyeni kwenyewe, mahali ambapo vijana wa Kizulu kama Magema Fuze walikuwa wakijifunza uchapaji. Humo aliandika kurasa nyingi kueleza kwa nini ameacha kufundisha adhabu isiyo na mwisho. Alisema Kristo ameshawapatanisha watu wote na Mungu tangu kuzaliwa kwao, Wakristo na wasio Wakristo, na kazi ya misionari ni kuwapelekea habari hiyo njema, si kuwatisha. Adhabu ipo, aliandika, lakini ni ya baba anayemrudi mwanawe ili atengenee. Dhambi hazilingani uzito, na Yesu mwenyewe anataja mapigo mengi na mapigo machache: mapigo yasiyokoma yatakuwaje machache?

Tuyaweke maneno hayo mahali yalipoandikiwa. Natal ya wakati huo, kufundisha kwamba kila asiyebatizwa huenda motoni milele ni kumwambia Mzulu kwamba baba yake, mama yake na ukoo wake wote uliotangulia wanaungua, na kosa lao ni kufa kabla meli ya misionari haijafika. Colenso aliona fundisho hilo linamdhalilisha Mungu kabla ya kumdhalilisha Mzulu. Naamini aliona sawasawa.

Mwaka uliofuata alianza kutoa vitabu vyake juu ya vitabu vitano vya Musa, akizipima kwa hesabu takwimu za Kutoka, kuanzia wale wanaume laki sita waliosafiri jangwani. London ilipasuka. Magazeti yalimcheka: askofu ametumwa kumwongoa Mzulu, badala yake Mzulu ndiye aliyemwongoa askofu. Katika utangulizi wa kitabu cha kwanza Ngidi hakutajwa hata kwa jina.

Kesi ilisikilizwa Cape Town kuanzia Novemba 1863, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu George. Gray alikuwa hakimu, akisaidiwa na maaskofu wa Grahamstown na wa Orange Free State. Colenso alikuwa London na hakuitambua mahakama hiyo. Aliwakilishwa na Wilhelm Bleek, mtaalamu wa lugha aliyefuatana naye Natal mwaka 1855, yule yule ambaye maandishi yake yalilieneza neno "Bantu" kama jina la jamii ya lugha ambamo Kiswahili kimo. Bleek aliwasilisha barua ya pingamizi, na kesi ikaendelea hadi hukumu. Ngidi hakuitwa kusema lolote, ingawa maswali yake yalikuwa ndani ya kila ukurasa.

Colenso alikata rufaa kwa Baraza la Faragha la Malkia. Baraza hilo lilikuwa limeshatikisa kanisa mwezi Februari 1864, katika shauri jingine, kwa kuamua kwamba kasisi wa Kianglikana hana hatia akitumaini kuwa waovu watasamehewa mwishowe. Makasisi wapatao 11,000 walitia sahihi tamko la kupinga na kuutetea umilele wa moto. Mwaka 1865 baraza liliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumhukumu Colenso. Halikugusa swali la moto. Colenso alirudi Natal mwaka huo, akamkuta mkuu wa kanisa lake kuu, James Green, amejipanga dhidi yake. Ikabidi haki yake ya kuhubiri katika kanisa lake mwenyewe itetewe mahakamani. Mwaka 1866 alitangazwa kutengwa na ushirika. Mwaka 1867 maaskofu wa Kianglikana wa dunia walikutana Lambeth kwa mara ya kwanza, na ugomvi wa Natal ulikuwa miongoni mwa sababu za mkutano huo. Wimbo maarufu wa Samuel John Stone wa mwaka 1866, unaomtaja Kristo kuwa msingi wa kanisa na kulalamikia mafarakano, ulitungwa kutokana na ugomvi huu. Unaimbwa hadi leo, na wengi wanaouimba hawajui ulizaliwa wapi.

Wasomaji wa pwani wana uhusiano wa karibu zaidi na kisa hiki. Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, aliyewekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861, alikuwa kwanza shemasi mkuu wa Colenso huko Natal. Mrithi wake, William Tozer, ndiye aliyeihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864.

Waliosema kwamba mtu asiyehofia moto wa milele hana sababu ya kutenda haki walipata jibu katika maisha ya Sobantu. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilipomwandama chifu Langalibalele wa Wahlubi, na mwaka uliofuata kumhukumu katika kesi ya aibu, Colenso alimtetea, akapoteza marafiki karibu wote aliokuwa nao kati ya walowezi, pamoja na Theophilus Shepstone, mkuu wa mambo ya Waafrika katika serikali hiyo. Tarehe 12 Machi 1879, majuma machache baada ya Wazulu kulishinda jeshi la Uingereza Isandlwana, alipanda mimbarani Pietermaritzburg na kuwauliza wenzake, kwa neno la nabii Mika, ni haki gani na rehema gani waliyowapelekea Wazulu. Ilihitaji moyo. Alifariki tarehe 20 Juni 1883, akazikwa katika kanisa lake. Binti yake Harriette aliendelea kuwatetea Wazulu, na Magema Fuze akachapisha mwaka 1922 historia ya watu weusi aliyoiandika kwa Kizulu.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mwaka 1995 Tume ya Mafundisho ya Kanisa la Uingereza iliachana na picha ya jehanamu kama mahali pa mateso ya milele. Marekani, mhubiri Carlton Pearson wa Tulsa alisema aliacha kuamini moto wa milele baada ya kuwaona wakimbizi wa Rwanda kwenye televisheni, na mwaka 2004 maaskofu wenzake Wapentekoste weusi wakamtangaza mzushi.

Vyuo vyetu vya theolojia hufundisha Maurice na Origen, na ni vyema. Naomba walimu waongeze Natal ya 1861 katika vipindi vyao, na wakifika kwa yule Mzulu aliyeachwa bila jina katika utangulizi wa Colenso, wawaambie wanafunzi kwamba aliitwa William Ngidi.